Jibu la Fundi: Kabla hujanunua pleti za klachi, sikiliza leva inakwambia nini

Mwezi huu barua nyingi ni za klachi, na karibu zote zina kisa kimoja: mtu kabadili pleti, pesa imeenda, pikipiki iko vilevile. Inaniuma kwa kweli, kwa sababu kabla hujafungua hata bolti moja leva yenyewe inakuonyesha sehemu gani imelika, ila hatuiulizi.

Tuelewane maneno kwanza. Nikisema klachi haikati namaanisha umevuta leva mpaka mwisho na injini bado inasukuma tairi. Nikisema klachi inateleza namaanisha umeachia leva kabisa, injini inalia lakini nguvu haifiki kwenye tairi. Hayo ni magonjwa mawili yanayopingana, dawa ya huu ni sumu kwa ule, kwa hiyo kabla hujakaza wala kulegeza kitu chochote uwe na uhakika unaumwa upi.

SWALI: Fundi shikamoo. Pikipiki yangu ni ya 125, imefanya kazi miaka mitano. Nikisimama na gia ya kwanza, leva nimeivuta yote, bado inataka kwenda. Nyutro siipati mpaka nizime injini, na nikiingiza gia inapiga "ka!" watu wanageuka. Nikaambiwa pleti zimeisha, nimebadili pleti zote na springi, siku mbili ikawa afadhali afu ikarudi palepale. Adjasta ya juu na ya chini zote zimefika mwisho na leva bado inapwaya. Sasa naambiwa ninunue hausi nzima ya klachi. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hausi, lile bakuli la meno linaloshikilia pleti, usinunue kwanza, tulia tufuatilie hii kitu kutoka mkononi mpaka ndani.

Umesema neno moja muhimu sana, kwamba leva inapwaya na adjasta, zile skrubu za kurekebishia waya, zimeisha. Pleti zikilika zinakuwa nyembamba, ule mrundikano wote unapungua unene, presha pleti, ile sahani inayozibana pleti kwa nguvu ya springi, inarudi nyuma kuzifuata, na ikirudi inakisukuma kile kijiti cha kukatia kuelekea kwenye mkono wake, yaani kile kipande kwenye injini kinachovutwa na waya. Matokeo yake ule ulegevu wa leva UNAPUNGUA, leva inakuwa imekaza, na usipoilegeza klachi inaanza kuteleza. Kwako imekuwa kinyume, leva imezidi kupwaya. Kwa hiyo kilicholika sio pleti, ni kitu kimojawapo kwenye ile njia inayotoka vidole vyako mpaka kwenye presha pleti: leva, waya, mkono wa kwenye injini, shafti yake, au kijiti.

Na angalia kilichotokea ulipoweka pleti mpya. Pleti mpya ni nene, zimeisogeza presha pleti mbali zaidi na kijiti, ulegevu ukaongezeka tena, ndo maana adjasta zimefika mwisho. Zile siku mbili nzuri sio kazi ya pleti, ni fundi alikaza waya mpaka mwisho wa nyuzi, ukafanya kazi kidogo afu ukanyooka.

Sasa elewa hesabu ya mtambo huu, maana ndo siri yenyewe. Leva yako inasafiri sentimita kadhaa kutoka ilipo mpaka iguse mpini, lakini presha pleti ndani inasogea kidogo mno, milimita mbili hivi tu, na hiyo inatosha kuzipa pleti nafasi ya kuachana. Maana yake milimita moja iliyolika kule ndani ni karibu nusu ya kazi yote, na huku mkononi unaisikia kama zaidi ya sentimita mbili za leva inayokwenda bure. Ndo maana kitu kinacholika kidogo tu, hata jicho halioni haraka, kinaiangusha klachi nzima.

Anza na leva yenyewe. Ishike isukume juu na chini, sio kuivuta. Ikicheza sana toa ile bolti inayoishikilia na uiangalie katikati, utakuta imeliwa upande mmoja imekuwa kama kiuno, na tundu la leva limekuwa la yai badala ya duara. Kitu kidogo ila kinakula safari ya leva kabla waya haujaanza kuvutwa. Bolti na bushi hazina gharama ya kulia, weka mpya na grisi.

Ya pili, waya. Mwambie mtu avute leva taratibu we ukiwa umechuchumaa unaangalia ule mkono kwenye injini. Leva ikianza kwenda na mkono umesimama kwanza, safari inapotea kwenye waya. Angalia na ganda la waya pia, wengi wanasahau: ganda likiwa limepondeka kwenye miisho au limepinda vibaya, ukivuta leva utaliona lenyewe linajikunja kama nyoka badala ya kuvuta mkono. Waya wa hivo usiutibu, badili.

Ya tatu, na hapa ndo naona tatizo lako lipo, mkono wa kwenye injini na shafti yake. Legeza waya kabisa, ushike mkono kwa vidole, uutikise kulia kushoto na juu chini. Ukitikisika kama jino bovu, na kama kuna oili imevuja ikakauka na vumbi pale shafti inapoingilia kwenye kava, hapo pamelika. Afu uzungushe polepole kwa kidole mpaka ukutane na ugumu wa springi. Pale unapokutana na ugumu ndo kazi inapoanzia, na ukiwa katikati ya kazi waya na mkono vinatakiwa kutengeneza pembe ya mraba, nyuzi 90. Mkono ukiwa umeshapita hapo kabla haujagusa kitu, unakuwa unavuta kwa pembe mbaya, leva inakuwa nzito na mwisho wa safari presha pleti haijasogea vya kutosha.

Kwenye pikipiki nyingine mkono umefungwa kwenye shafti yenye meno, na kuna alama ya nukta, fundi anautoa anaurudisha jino moja nyuma na klachi inapona palepale. Sikatai, ukiwa njiani inakufikisha. Ila kama nukta zilikuwa zinatazamana toka mwanzo na mtu amezihamisha, jua ndani kuna kitu kinaendelea kulika na umekificha tu.

Mimi hili nilijifunza kwa mteja mmoja aliyekuwa analisha familia nzima kwa pikipiki yake. Nilimbadilishia pleti mara mbili ndani ya muda mfupi, nikiamini kabisa ni pleti, kisa kila mtu pale gereji alikuwa anasema hivo. Mara ya tatu nikatoa shafti ya mkono nikaipeleka kwenye mwanga. Kwenye hiyo aina shafti inapita ndani ya kava na chini imekatwa kama nusu mwezi, ule ukingo wa nusu mwezi ndo unaosukuma. Nikapitisha ukucha: ukingo ulikuwa na ngazi, kadimbwi kadogo kanakong'aa kama sarafu mpya, kamechimbwa na miaka ya kusukuma palepale. Kile kipande kinachosukumwa nacho kichwa chake kilikuwa kimekuwa bapa na kina kishimo kinacholingana na ile ngazi, wamekulana wao kwa wao. Pleti nilizotoa kwake zilikuwa nzima zote. Toka siku hiyo shafti naitoa kwanza.

Kwa hiyo na we fanya hivo. Mwaga oili, fungua kava la upande wa klachi, na bolti za kava hazilingani urefu kwa hiyo chora umbo la kava kwenye boksi na uchome kila bolti mahali pake, ukiingiza ndefu kwenye tundu fupi umepasua injini ya watu. Toa shafti, pitisha ukucha kwenye ukingo, angalia kichwa cha kipande kinachosukumwa, zungusha beringi ndogo ya katikati, ile ya kukatia, kwa kidole, ikikwaruza haifai. Kama yako ni aina ya kijiti kirefu kinachopita katikati ya injini toka upande wa pili, kitoe ukikungurishe juu ya kioo uone kama kimepinda, angalia ncha kama imechanua kama uyoga au imegeuka bluu, bluu ni moto, na uhakikishe kagololi ka chuma kanakokaa kwenye kijiti kapo, maana kuna watu wanakadondosha wakifungua na hawajui.

Shafti iliyolika inachomelewa na kupigwa tupa, nimeona sana. Haidumu. Ule ukingo ulitengenezwa uwe mgumu, ukishauchomelea ugumu ule haupo tena, baada ya muda mfupi unarudi ulipokuwa. Nunua mpya pamoja na sili yake ya oili na kile kipande inachokisukuma, maana mpya kwa kilicholika vinaharibiana.

Hausi iangalie ukiwa umeshafungua. Yale meno yake marefu ambayo pleti zinachezea, pitisha ukucha kwa urefu. Ukikuta vialama vyepesi lainisha na tupa ndogo kwa upole, ila ukucha ukikwama kwenye mashimo kama ngazi, hapo ndo pleti zinanasa haziachani, na hausi hiyo inastahili kubadilishwa. Angalau utainunua kwa kuwa umeiona.

Ukishafunga, urekebishaji wenyewe ni hivi. Adjasta ya juu kwenye leva ifunge yote iingie ndani, afu irudishe mizunguko miwili mitatu tu. Nenda chini kwenye injini, legeza loknati, ile nati inayoizuia adjasta isihame, rekebisha mpaka ncha ya leva iwe na ulegevu wa milimita 10 mpaka 20 kabla hujasikia ugumu, hicho ndo kipimo cha pikipiki nyingi ndogo, lakini kama kitabu cha pikipiki yako kina namba nyingine fuata hiyo. Kaza loknati ya chini. Kilichobaki kidogo kimalizie kwa adjasta ya juu. Usiiache ya juu imetoka nje kama shingo ya kuku, nyuzi zake zinavunjika na maji yanaingia kwenye waya. Mwisho geuza usukani kushoto mpaka mwisho na kulia mpaka mwisho, ulegevu usibadilike. Ukibadilika waya umepitishwa vibaya, panapitika pengine.

Kitu kimoja nje ya swali lako: kama asubuhi tu, injini ikiwa ya baridi, gia ya kwanza inapiga mshtuko na baada ya hapo siku nzima iko vizuri, usihangaike. Pleti zimegandana na oili usiku. Kabla hujawasha ingiza gia, vuta leva, isukume mbele na nyuma kidogo ziachane.

SWALI: Habari za kazi kaka fundi. Nabeba mizigo sehemu za milima. Nikiwa na mzigo kwenye mlima injini inapandisha sauti lakini mwendo unashuka, na kuna harufu kama ya kitu kinaungua. Bila mzigo na kwenye tambarare iko sawa. Nimebadili oili wiki iliyopita nikaweka oili nzuri ya gari maana niliambiwa ndo bora. Ni pleti?

JIBU: Salama kaka. Kwako ni kuteleza, hilo halina ubishi, na harufu hiyo ni pleti zinaungua, kwa hiyo mizigo ipumzishe mpaka tumalize.

Inawezekana ni pleti, ila kuna vitu viwili vya bure vya kuangalia kabla. Cha kwanza ulegevu wa leva. Ishike ncha yake uivute kwa kidole kimoja. Kama hakuna nafasi hata kidogo, leva imekaza moja kwa moja, basi klachi yako ni sawa na mtu aliyeshika leva nusu safari nzima, springi hazifungi pleti zikabana. Legeza mpaka upate zile milimita 10 mpaka 20 afu ujaribu tena. Na jiulize imefikaje hapo. Kama miezi kadhaa nyuma ulikuwa na ulegevu na ukawa unapungua wenyewe bila mtu kugusa, basi pleti kweli zinaisha, huo ndo ushahidi wake.

Cha pili ni hiyo oili. Kaka, oili ya gari inaweza kuwa nzuri sana, kwa gari. Klachi ya pikipiki yako inaogelea ndani ya oili hiyohiyo ya injini, wakati klachi ya gari ya kawaida iko kavu nje kabisa. Oili nyingi za magari za siku hizi zina viungo vya kupunguza msuguano ili gari litumie mafuta kidogo, na klachi inaishi kwa msuguano. Kwenye kopo la oili ya pikipiki tafuta alama ya JASO, hicho ni kiwango cha Japani, na iwe MA au MA2. Ikiandikwa MB hiyo imetengenezwa ilainike zaidi, ni ya skuta zile ambazo klachi yake haimo kwenye oili. Na ukiona kopo lina ule muhuri wa duara wa API, taasisi ya mafuta ya Marekani, na sehemu ya chini ya duara imeandikwa maneno ya kuokoa mafuta, usiiweke kwenye klachi inayoogelea.

Mwaga hiyo oili hata kama ni ya wiki moja, weka yenye MA, zunguka nayo siku chache bila mzigo. Kama tatizo lilianza siku ulipobadili oili kuna uwezekano mzuri likaondoka. Jaribio ni rahisi: barabara tupu na tambarare, gia ya juu, mwendo wa kati, fungua mafuta yote kwa ghafla. Mlio ukipanda pamoja na mwendo, klachi inashika. Mlio ukiruka peke yake afu mwendo ukaja nyuma kwa kujikokota, bado inateleza na sasa unafungua.

Ndani pima unene wa pleti za msuguano kwa venia, kile kipimo cha taya mbili. Kwenye pikipiki ndogo nyingi mpya inakuwa karibu milimita 3 na kiwango cha kutupa kipo kwenye 2.6 hivi, thibitisha na kitabu chako. Unene tu hautoshi, iangalie sura yake: ikiwa inang'aa kama kioo au imekuwa nyeusi ya mkaa imeungua hata kama bado nene. Kuikwaruza na msasa kunakupa siku chache, halafu unafungua kava tena na kununua gasketi nyingine, hesabu mwenyewe. Pleti za chuma zilaze moja moja juu ya kioo cha dirisha, ukiweza kupitisha chini yake geji, kile kibapa chembamba cha kupimia nafasi, ya milimita 0.2, imepinda. Zenye rangi ya bluu usizirudishe.

Springi zipime urefu zikiwa huru ulinganishe na kitabu, na moja ikiwa fupi badili zote kwa pamoja. Kuna mtindo wa kuweka washa chini ya springi ili zikaze, naomba usifanye. Leva inakuwa nzito, na springi ikibanwa sana koili zinagusana, presha pleti inakosa pa kwenda, utakuwa umehama kutoka kuteleza kwenda kutokukata. Pleti mpya za msuguano zilaze kwenye oili safi ya injini usiku mzima kabla ya kuzipanga, ukizifunga kavu zinaungua kwenye kilomita za kwanza kabisa. Bolti za springi kaza kwa msalaba, kidogo kidogo, mkono mwepesi, vile vinguzo vyake ni vya aluminiamu vinakatika.

Na kwenye mlima usiishikilie pikipiki kwa klachi. Ukisimama tumia breki. Kuna madereva wanaisimamisha mlimani kwa kucheza na leva na mafuta, dakika moja ya hiyo na mzigo inakula pleti kuliko siku nzima ya kutembea.

SWALI: Fundi, mimi pikipiki yangu haina leva ya klachi kabisa, ni ile ya kukanyaga gia tu. Siku hizi nikikanyaga gia inaruka mbele na kupiga kelele. Jirani anasema hizi hazina klachi ya kurekebisha, ikiharibika ni kubadili. Ni kweli?

JIBU: Sio kweli dada yangu, na nafurahi umeuliza kabla ya kubadili. Pikipiki za namna yako, ukoo wa Honda Super Cub iliyoanza mwaka 1958, zina klachi inayojikata yenyewe unapokanyaga pedali ya gia. Pedali inafanya kazi mbili, nusu ya kwanza ya kukanyaga inakata klachi, nusu ya pili inabadili gia. Marekebisho yakihama, gia inaingia kabla klachi haijakata, ndo huo mruko.

Ila anza na sailensi, yaani mzunguko wa injini ukiwa umeachia mafuta. Ukiwa juu sana klachi ya hizi inashika kwa kasi ya injini, kwa hiyo pikipiki inajivuta yenyewe na gia zinapiga hata kama marekebisho yako sawa. Ishushe kwanza injini ikiwa ya moto.

Kama bado, kwenye kava la upande wa kulia kuna skrubu ya bisibisi bapa imezungukwa na loknati. Injini ikiwa imezimwa, legeza loknati, zungusha skrubu mzunguko mmoja kulia, kama unavyofunga kitu. Afu irudishe kushoto polepole mpaka usikie ugumu mwepesi, usilazimishe. Hapo geuza tena kulia sehemu ndogo, kati ya moja ya nane na moja ya nne ya mzunguko. Ishikilie kwa bisibisi isihame huku unakaza loknati kwa spana, kwa sababu nati inapenda kuondoka nayo na unarudi mwanzo. Kipimo cha hii kazi ni vidole, fanya mara mbili tatu utaisikia.

Ukimaliza piga kiki. Kiki ikipita tupu bila kuzungusha injini umekaza kupita kiasi na klachi inateleza, rudi urekebishe. Kama kiki iko sawa na gia zinaingia kimya, kazi imeisha na hujanunua kitu.

SWALI: Injini ikiwa nyutro inagonga "koro koro koro" upande wa kulia, nikivuta leva inanyamaza. Nikipeleka kwa fundi anasema klachi kwisha. Gia zinaingia vizuri, mlimani inavuta vizuri.

JIBU: Kama inakata vizuri na haitelezi, pleti ziache. Sauti inayonyamaza ukivuta leva mara nyingi ni hausi inacheza: zile springi za mshtuko au raba zilizo nyuma yake zimelegea, au bushi ya katikati imelika. Ishike hausi kwa mikono miwili kava likiwa wazi, uizungushe mbele na nyuma dhidi ya gia yake kubwa, ikipwaya ndo huyo. Sauti ikiwa kinyume, yaani inaanza UKIVUTA leva, hapo ni ile beringi ndogo ya kukatia, na hiyo usiicheleweshe, ikipasuka vipande vyake vinaangukia kwenye oili.

SWALI: Waya wa klachi kwangu haumalizi miezi miwili, unakatika palepale karibu na leva. Nimejaribu za aina tofauti. Shida ni ubora?

JIBU: Ukikatika sehemu tofauti tofauti ningelaumu waya. Ukikatika palepale kila mara kuna kitu pale kinaukata. Ile risasi, yaani kile kichwa kidogo cha mwisho wa waya, inatakiwa kuzunguka ndani ya tundu la leva kila unapovuta. Kukiwa na kutu na uchafu haizunguki, kwa hiyo waya wenyewe ndo unaopinda, mamia ya mara kwa siku, mpaka uzi mmoja mmoja unakatika. Safisha tundu, toa makali kwa msasa, tia grisi, hakikisha risasi inazunguka kwa kidole. Angalia na mfereji wa adjasta ya juu, kama umekaa upande ambao waya unakwaruza ukingo geuza kidogo.

Waya mpya ambao hauna utandu wa plastiki ndani utie oili nyepesi kabla ya kufunga: uning'inize, tengeneza kikombe cha nailoni kwenye mdomo wa juu, mimina oili, uache mpaka itokee chini. Na ukiona uzi mmoja tu umechomoza kama ndevu karibu na risasi, usisubiri, huo ndo mwanzo.

SWALI: Shikamoo fundi. Najifunza pikipiki, ni ya kaka yangu. Leva ya klachi ni nzito sana mpaka vidole vinauma na nashindwa kuishika nusu nikiondoka. Kaka anasema nitazoea. Ni mimi au ni pikipiki?

JIBU: Marahaba mwanangu. Ni pikipiki. Toa waya kwenye mkono wa injini, afu vuta leva ikiwa tupu. Ikiwa bado inakwaruza na kukaza, ni waya mkavu au leva kavu, grisi na waya mpya vinamaliza. Leva ikiwa laini kama siagi, uzito uko chini: sogeza ule mkono wa injini uone unasimama wapi. Kama umeshapita ile pembe ya mraba niliyoelezea juu, shafti imelika na mnavuta kwa pembe mbaya, muonyeshe kaka jibu la kwanza kabisa la ukurasa huu. Kama pembe iko sawa, muulize taratibu kama aliwahi kubadilishiwa springi za klachi, maana zinauzwa springi ngumu kuliko za kiwandani, na mtu akizifunga kwenye pikipiki ya kawaida anayeteseka ni mkono. Rudisheni za saizi yake. Ukishapata leva nyepesi jifunze sehemu moja tu, pale pikipiki inapoanza kutaka kwenda, kaa hapo, achia, rudi tena, kwenye tambarare, dakika kumi kumi, upumzike katikati ili pleti zipoe.